Upande wa Kushoto wa Chumvi

Kebili, 3 Oktoba

Kwa Bi Naziha Guermazi, Sfax,

Amani ikufikie wewe na wote walio chini ya dari yako.

Sheria ya Ligi ya Sebuleni, ya mbio zetu za magari ya kompyuta, naijua. Aliyemgonga mwenzake hapangwi kwenye mbio zinazofuata mpaka aandike barua ya msamaha kwa kalamu, kwa mkono wake mwenyewe, na aliyegongwa naye hapangwi mpaka ajibu. Nimesikia sheria hiyo ilitungwa baada ya watu wawili wa Nabeul kutukanana kwa simu hadi mama zao wakaacha kusalimiana. Basi kalamu ninayo mkononi, na barua hii nitampa dereva wa teksi ya abiria, luaji ya asubuhi, aifikishe stendi ya Sfax.

Jumapili, kona ya mwisho, mzunguko wa mwisho, gari langu lilikugonga ukazunguka mara tatu ukaishia kwenye mchanga. Ulikuwa wa nne, ukamaliza wa kumi na tisa. Nakuomba radhi.

Lakini nami nikuulize, ulitokea wapi? Nilipoingia ile kona barabara ilikuwa nyeupe, tupu kabisa. Nimeendesha basi la Kebili na Tozeur miaka thelathini na moja, nikivuka Chott, lile ziwa kavu la chumvi, mara mbili kwa siku, na sikuwahi kugusa hata ngamia. Nimestaafu, sasa naendesha nyumbani, kwenye kiti chenye usukani wa kompyuta alichoniachia mkwe wangu alipokwenda Doha kutafuta kazi. Kiti ni cha plastiki ila dereva ni yuleyule. Sikukuona. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Lazhar Ghabri
gari namba 17


Sfax, 8 Oktoba

Ami Lazhar,

Barua yako nimeipata, imekunjwa ndani ya mfuko wa tende. Tende nimezila zote kabla sijamaliza kusoma, kwa hiyo nimeshakusamehe, sina ujanja.

Ila msamaha wako una maneno makali kuliko kosa lenyewe! "Ulitokea wapi?" Nilitokea kushoto, Ami. Nilikuwa sambamba na wewe tangu daraja, ningekuwa na mkono mrefu ningekugongea dirisha. Watu wa Kebili mnasalimiana mpaka chai inapoa, halafu barabarani hamumsalimii mtu.

Sasa nikwambie kama mwamuzi wa ligi, maana kazi hiyo nimebebeshwa mimi. Hilo lilikuwa kosa lako la pili msimu huu. Ukifikisha matatu unatoka mpaka mwakani. Na tarehe 30 Novemba kuna Saa Sita za Hisani, mbio za saa sita mfululizo, usije ukazikosa. Madereva wa luaji wameahidi kwamba kila mzunguko utakaokamilishwa na gari lolote, watampeleka mgonjwa mmoja hospitali kusafishwa damu na kumrudisha kwake. Mzunguko mmoja, safari moja. Gari likiharibika mapema, kuna mtu atakaa nyumbani anasubiri usafiri.

Mbio zenyewe tutazifanya kwenye Chott. Barabara yake ya kompyuta naijenga mimi. Mchana natengeneza meno ya bandia kwenye karakana ya daktari mmoja hapa Sfax, jioni natengeneza barabara za bandia. Sijawahi kufika Chott maishani mwangu. Nina picha, nina ramani, lakini ninachokitoa kwenye kompyuta kinafanana na sakafu ya bafuni. Wewe umepita hapo miaka thelathini na moja. Niambie kukoje.

Naziha


Kebili, 14 Oktoba

Binti yangu Naziha,

Umeniuliza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza tangu nirudishe funguo za basi.

Chott si nyeupe. Hilo ndilo kosa la wote wanaopiga picha. Asubuhi ni ya kijivu kidogo, mpaka jua lipande. Ikifika saa nne inakuwa nyeupe, lakini si nyeupe ya rangi, ni nyeupe ya kitu kinachokusahaulisha ulikuwa unawaza nini. Kandoni mwa barabara, upande wa kulia ukitoka Kebili, kuna mfereji wa maji ya waridi. Waridi kabisa, kama maji uliyooshea nguo mpya nyekundu. Mbele yake chumvi imejikunja vipande vipande, kila kipande kingo zake zimeinuka. Upepo ukipita hapo unatoa sauti ya mtu anayefungua karatasi taratibu ili asiamshe watoto.

Ikifika adhuhuri, mwisho wa barabara unakatika. Unaona milima imekaa hewani bila miguu. Basi linalokuja mbele yako unaliona mara mbili, moja barabarani na lingine kichwa chini. Abiria wangu wa mara ya kwanza walikuwa wakipiga kelele. Nilikuwa nawaambia, "Tulieni, lile lililo juu ndilo la kweli." Wengine waliamini.

Hao wagonjwa wa damu uliowataja nawajua. Walikuwa wakipanda kwangu mara tatu kwa wiki, na blanketi, na mkate ndani ya mfuko wa plastiki. Kwenda walikuwa wanaongea, kurudi walikuwa wamelala. Nilikuwa nikiendesha polepole wakati wa kurudi, mkubwa wangu akininung'unikia kwa kuchelewa. Kwa hiyo mbio hizo kwangu si mchezo. Nataka niwepo.

Nikwambie na hili, kwa kuwa wewe ni mgeni na mgeni husikiliza. Nikikaa kwenye kile kiti, nikashika ule usukani, nyumba yangu inaondoka. Kuta zinaondoka, dawa zangu mezani zinaondoka. Ninabaki dereva. Hakuna mahali pengine nilipobaki hivyo.

Mke wangu Mbarka anakusalimu na anauliza kama mnapika samaki kwa zabibu kweli au ni uzushi.

Lazhar


Sfax, 24 Oktoba

Ami yangu,

Si uzushi, mwambie Khalti Mbarka asidharau mpaka aonje.

Barua yako nimeisoma kazini, nikaharibu meno ya mtu. Nilikuwa nachanganya rangi ya meno nikajikuta naweka waridi. Jioni nilifuta sakafu yangu yote ya bafuni nikaanza upya. Mfereji upo. Milima isiyo na miguu ipo. Nimekesha siku tatu na ile sauti ya karatasi, mwishowe nikairekodi kwa kufungua bahasha yako. Sasa kila anayepita pale anakusikia wewe bila kujua.

Barabara nimeifunga duara, pungufu ya dakika tatu kwa mzunguko, tayari kwa mazoezi kuanzia kesho. Na nimekuwekea kitu humo. Sisemi ni nini wala kiko wapi. Ukikiona utaniandikia, nitacheka peke yangu kwa furaha.

Lingine ni hili. Nimekaa nikatazama rekodi ya makosa yako mawili. Yote mawili mtu alikuwa kushoto kwako. Nikamuuliza yule fundi wetu wa Gabès aliyekupangia kompyuta, akasema una skrini moja tu, ndogo, tena umeivutia kulia kwa sababu ya dirisha. Kumbe! Ami, ungesema! Nani anaweza kuendesha na nusu ya kioo? Nimewaambia wenzetu, na watu wakachanga kabla sijamaliza sentensi. Hata Skander wa Bizerte, yule uliyemtupa nje kule Tabarka kwenye kosa lako la kwanza, amechanga. Skrini ya kushoto inakuja kwa luaji ya Alhamisi, imefungwa blanketi. Usikatae. Ukikataa nitaileta mwenyewe na samaki wa zabibu juu yake.

Naziha


Kebili, 2 Novemba

Naziha,

Skrini imefika salama. Ni nzuri na kubwa. Fundi wa hapa ameifunga kushoto. Wafikishie wote shukrani zangu, na Skander peke yake umfikishie mara mbili.

Barabara yako nimeipita kwa siku nane mfululizo. Ule mfereji nilipouona niliachia mafuta nikasimama, nikamwita Mbarka aje aone. Alitazama, akasema, "Maji yale yale." Kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni nyuma yangu akataka nimvushe mpaka Tozeur. Nikamwambia haifiki Tozeur, inazunguka tu. Akasema haidhuru, zunguka. Tulizunguka mpaka chakula kikaungua. Mwanangu, Mungu akupe.

Rangi ya chumvi baada ya kona ya pili ipunguze kidogo, upande wa kulia. Nguzo za simu ni fupi mno. Mengine yote ni kama yalivyo.

Kuhusu kilichotokea kwenye mazoezi ya juzi na Skander, nasikitika. Mazoezi hayahesabiwi, najua, lakini nasikitika.

Lazhar


Sfax, 9 Novemba

Ami Lazhar,

Leo naandika kama mwamuzi, na pia kama mtu aliyeumia, na sijui kalamu hii inamsikiliza nani.

Skander amenitumia malalamiko kurasa mbili. Anasema alikuwa ubavuni mwako kushoto, barabara iko wazi, skrini mpya iko mbele yako, ukamsukuma mpaka kwenye maji bila hata kutikisika. Maneno yake haya hapa: "Amenigonga kama vile sipo. Mtu akikukosa kwa bahati mbaya unaona gari lake linashtuka. La huyu halikushtuka. Ananichukia, sijui nimemkosea nini." Anataka usipangwe tarehe 30. Na wengine wawili wameanza kusema hivyohivyo.

Hilo la mwamuzi. Sasa langu.

Baada ya kona ya tatu kuna kibanda cha chai. Nilikijenga jioni tisa. Ukutani nimeandika "Kituo cha Lazhar Ghabri, miaka 31" kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko mlango. Kompyuta inaniambia umepita hapo mara mia moja na arobaini. Umeniandikia habari za nguzo za simu. Kibanda hukukitaja hata kwa neno moja.

Mwanzoni nilidhani unanitania. Halafu nikadhani nimekukosea heshima, kwamba kuweka jina la mtu mzima ukutani ni kama kumfanya marehemu. Nililia kidogo, nakwambia ukweli. Sisi watu wa Sfax tunasemwa hata machozi tunayawekea akiba, ila yale yalitoka.

Sasa nimeanza kuwaza lingine, na naogopa kuliandika. Kibanda kiko kushoto. Skander alikuwa kushoto. Mimi nilikuwa kushoto. Barua zako zote mbili za Chott zimejaa chumvi na maji ya upande wa kulia.

Ami, niambie. Lazima niamue kabla ya tarehe 20 kama utapangwa.

Naziha


Kebili, 13 Novemba

Binti yangu,

Kibanda nimekiona leo. Nilisimamisha gari baada ya kona ya tatu, nikamwomba Mbarka anishike kidevu anigeuze uso. Kikatokea. Nilikuwa sijui nilie au nikuombe radhi, nikafanya yote mawili. Kina hata birika.

Mwezi wa nne mwaka jana nilipata kiharusi. Mkono na mguu vilirudi. Daktari akanipima macho akasema macho ni mazima. Kilichoharibika ni kichwani. Kichwa kimesahau kwamba kuna upande wa kushoto. Si giza, Naziha. Giza ningeliona, ningejua pana giza. Hakuna kitu. Dunia inaishia katikati na mimi nahisi imetimia. Nakula nusu ya sahani nalalamika kwamba chakula ni kidogo, Mbarka anaizungusha sahani, nusu nyingine inatokea. Nimenyoa ndevu upande mmoja nikaenda msikitini hivyohivyo.

Leseni waliichukua, na walifanya vizuri. Nikajiambia kwenye kile kiti hakuna wa kuuawa. Nikawaficha. Mliponiletea skrini nilimwacha fundi aifunge, alipoondoka nikakaa mbele yake nikitafuta ilipo. Watu wameniletea zawadi ya kitu nisichoweza kukiona na mimi nawaandikia kwamba ni kubwa na nzuri. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo.

Unajua sasa kwa nini Skander hakuniona nikishtuka.

Ukiandika kwamba nitoke, nitatoka siku hiyohiyo. Ila nakuomba jambo moja, kama ungemwomba baba yako. Usiwaambie sababu. Waache wadhani mimi ni mzee mwenye roho mbaya. Mtu mwenye roho mbaya bado ni dereva. Wakijua, watakuwa wananihurumia, na pale ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayenihurumia.

Lazhar


Sfax, 17 Novemba

Ami yangu Lazhar,

Nimesoma barua yako mara nne. Ya kwanza nilijiona mjinga na ile skrini yangu. Ni sisi wa ligi tu tunaoweza kumwona mtu anagonga watu halafu tukamnunulia kioo! Mama yangu angekuuliza kwanza kama umelala vizuri.

Huendi popote. Nisikilize.

Umesema kichwa kimesahau. Kilichosahau kinaweza kukumbushwa. Mbarka alipokushika kidevu kibanda kilitokea, si ndiyo? Basi mimi nitakushika kidevu kwa sauti. Saa Sita za Hisani zinaendeshwa na watu wawili kwa gari moja, wakipokezana. Namba 17 tutaendesha mimi na wewe. Mimi nitachukua saa nne, wewe mbili, tena ya mwisho iwe yako. Ukiwa barabarani mimi nitakuwa nakutazama kwenye kompyuta yangu na kukuelekeza kwenye hedifoni. Mtu akija kushoto nitasema, "Kushoto," nawe utageuza shingo. Akiondoka nitasema, "Pamenyooka." Ni hayo tu. Nitakuwa upande wako wa kushoto, Ami.

Nikwambie na kinachonikera. Mimi ni mwamuzi, na nimekubali kuwaficha watu ninaowaamulia. Wakati huohuo, namba 17 ikimtoa mtu barabarani, si yeye tu atakayepoteza mizunguko, kuna mtu na blanketi lake atakosa gari. Nimelibeba hilo kwa sababu umeniomba kama baba. Kwa Skander nimeandika kwamba nimechunguza na hakukuwa na chuki. Hajaridhika. Simlaumu.

Mazoezi ni kila siku saa kumi na moja jioni. Usichelewe kwa kusalimiana.

Naziha


Kebili, 24 Novemba

Naziha mwanangu,

Siku sita tumezunguka na sijamgusa mtu. Siku ya kwanza ulisema "kushoto" nikageuka, gari la bluu likatokea mahali ambapo hapakuwa na mahali. Nilikaribia kupiga kelele kama abiria wangu wa zamani. Sasa nimezoea. Ukinyamaza, naendesha nusu ya dunia. Ukisema, nusu nyingine inafunguka kidogo, kama mtu amesogeza pazia, kisha inajifunga. Jana kabla ya magharibi niliona upande wa kushoto wa Chott mara kumi na moja. Huko nako umeweka mfereji. Sikujua.

Punguza sauti lakini. Unaita kama wauza samaki wa kwenu. Mbarka amesikia kwenye hedifoni akauliza ni mwanamke gani huyo anayenifokea "kushoto, kushoto" nami natii, wakati yeye ameniambia nitoe takataka tangu Jumatano.

Naogopa Jumapili. Nimeona nikupe taarifa.

Lazhar


Sfax, 1 Desemba

Ami,

Nisamehe, nisamehe, nisamehe.

Saa nane na dakika ishirini mchana, dakika arobaini kabla ya kumaliza, mtandao wa mtaa wetu mzima ulikatika. Wachimba bomba wa karibu na soko wamekata waya. Nilikuwa katikati ya neno. Nilisema "Kush—" na skrini ikaganda, na wewe uko kwenye kona ya pili na magari matatu nyuma yako.

Nilitoka mbio na kompyuta mkononi kwenda kwa jirani, naye hana. Nikaenda duka la dawa, hawana. Nilikaa kwenye ngazi za duka la dawa nikitazama saa mpaka ikafika tisa. Nilijua una mambo mawili tu ya kufanya. Kuzima gari, na mizunguko iliyobaki ipotee. Au kuendelea peke yako na kumgonga mtu. Nimekuweka pale mimi. Mimi ndiye niliyesema saa ya mwisho iwe yako.

Simu yako hupokei. Mbarka amepokea akasema mzima, anaandika, hataki kusumbuliwa. Nikampigia Skander. Nilijitayarisha kutukanwa. Akawa anacheka, kisha nikadhani analia. Akasema, "Mimi sisemi kitu. Muulize Ami Lazhar akuandikie." Na akakata!

Niandikie leo. Luaji ya jioni.

Naziha


Kebili, 2 Desemba

Binti yangu Naziha,

Mimi mzima. Sikupokea simu kwa sababu kwenye simu ningesema vibaya.

Uliponyamaza nilidhani unameza mate. Nilipita kona ya tatu, ya nne, bado kimya. Barabara ilikuwa tupu, nzuri, nyeupe. Hapo ndipo nikaogopa, maana sasa najua maana ya barabara tupu. Nikasogea kulia, nikapanda juu ya chumvi, nikasimama. Magari yakanipita. Niliyasikia tu.

Nikawaza kuzima. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Lakini nikawakumbuka wale watu wa kurudi, waliokuwa wanalala. Dakika arobaini ni mizunguko kama kumi na mitatu. Ni watu kumi na watatu, Naziha, ninawajua mpaka namna wanavyokunja blanketi. Na aibu yangu ni moja.

Nikabonyeza kile kitufe cha dharura kinachosikika na kila gari. Sikujua nitasemaje. Nikasema, "Hapa ni Lazhar Ghabri, namba 17. Nimepata kiharusi. Upande wa kushoto sioni. Naziha alikuwa anaona kwa niaba yangu na amekatika. Nataka kurudi barabarani lakini sijui mlipo."

Magari ishirini na nane yamenisikia. Nilisikia chumvi yako ikilia kama karatasi. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, nimeshakuwa mgonjwa.

Halafu Skander. "Ami, tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne mwaka jana."

"Kwa hiyo kule Tabarka hukuwa unanichukia?"

"Mwanangu, sikujua hata kama upo."

Mtu akacheka, nadhani yule Rania wa Béja, kisha wakacheka wote, na mimi nikacheka. Skander akasema, "Msimu mzima nimekosa usingizi kwa mzee ambaye hajaniona! Haya, rudi barabarani, unatuchelewesha. Niko nyuma yako. Nikifika nitasema."

Nikarudi. Baada ya kona moja nikasikia, "Skander, kushoto kwako, Ami." Nikageuka. Gari la njano. Likapita. Nyuma yake, "Rania, kushoto." Nikageuka. Kisha Imed wa Kairouan. Kisha yule Mlibya asiyeongea na mtu, sijawahi kusikia sauti yake, akasema, "Tripoli, kushoto kwako, mzee wangu." Hakuna aliyepangiwa zamu. Wa mbele walikuwa wanashindania nafasi ya kwanza, na kila mmoja kabla ya kunipita aliacha kushindana akasema jina lake. Dakika arobaini, Naziha. Sijamgusa hata mmoja. Nimemaliza wa mwisho, na mizunguko kumi na mitatu yote imehesabiwa.

Nilidhani watanihurumia. Rania alinipita mara ya tatu akasema, "Kushoto tena, Ami, ongeza mwendo kidogo, mimi nimechoka kujitambulisha." Huyo hanihurumii. Ukikutana naye mpe salamu zangu.

Usiniombe radhi kwa kukatika. Ungebaki hewani, ningemaliza salama na siri yangu mfukoni, na mpaka leo ningekuwa nawaogopa watu wale.

Nilipovua hedifoni chumba kilikuwa kimya. Nikadhani niko peke yangu. Tangu niugue, Mbarka akitaka kusema nami huzunguka kwanza aje kulia, hata kama chai inamuunguza mikono, hata usiku nikiamka huzunguka kitanda. Amefanya hivyo mwaka na miezi saba bila kuniambia kwamba anazunguka. Jumapili hakuzunguka. Alikuwa amekaa pale muda wote, amesikia kila jina. Akasema taratibu, "Mbarka, kushoto kwako."

Nikageuka, nikamwona.

Lazhar